Kinoo cha Mzee Yasaku Ndani ya Pipa la Figili

Theluji ikifika usawa wa madirisha, watu wa kijiji cha Yukinosawa huhofia mapaa yao. Mzee Yasaku, fundi seremala, alihofia kinoo chake.

Alikuwa na vinoo vingine, vile vya kukwaruza, vilivyoshinda ndani ya ndoo ya maji kama vyura. Hivyo hakuvijali sana. Lakini kile cha mwisho, cha kulainisha makali, alichorithi kwa babaye, kilikuwa laini kama shavu la mtoto. Hicho hakilowekwi. Hunyunyiziwa matone tu, kikitumika hufutwa, kisha huachwa kikauke kivulini, mbali na jua na mbali na jiko, maana kikikaushwa kwa pupa hupasuka. Kikilowa halafu kikapigwa na baridi, maji huganda ndani yake na jiwe likafumuka tabaka tabaka kama chapati. Ubavuni alikipaka vanishi nyeusi kisinywe maji. Akimaliza kazi alikiviringisha katika winda lake kuukuu la pamba, kile kitambaa cha kufunga kiunoni, akakilaza kwenye karakana, akakigonga kwa kidole: "Lala salama."

"Huyo ndiye bi mdogo," mkewe, Towa, alimwambia Fusae, mke wa mwanawe, siku za mwanzo. "Mimi bi mkubwa sijatakiwa usiku mwema tangu niolewe."

Fusae alicheka kimoyomoyo. Bi Mdogo mwenyewe hakuwahi kumwona, si na nguo wala bila nguo.

Mwaka huo baridi ilikaza kuliko kawaida. Mzee Yasaku alipofunga kazi za mwaka, alikihamisha kinoo kimyakimya hadi kwenye shimo la chini ya sakafu ya jikoni, ambako hata achari hazigandi. Hakumwambia mtu. Mtu hatangazi anakomficha bi mdogo.

Na Fusae naye alikuwa na lake. Figili alizotia chumvi pipani ziwe achari zilikuwa hazitulii. "Zinaelea kama bata," alisema Towa. "Jiwe lako jepesi." Basi Fusae, mwanawe Nao mgongoni, akashuka shimoni kupapasa kwenye mawe ya kukandamizia achari, akapata moja zito, bapa, limepakwa rangi nyeusi ubavuni, safi hata huruma. Akalipachika juu ya kifuniko cha pipa. Kitambaa kilicholifunga kilikuwa laini mno, akakifua, akakikata nepi.

Ikafika siku ya mafundi kufungua mwaka mpya. Siku hiyo hukutana kwenye ukumbi wa hekalu, kila mmoja akapiga randa ubao wa mwerezi, na mwenye randa, yaani ule utepe wa mbao unaotoka, jembamba kuliko yote ndiye anayetamba hadi mwaka mwingine. Mzee Heita alikuwa ametamba miaka mingi. Jana yake tu alipita mlangoni akapaza sauti: "Yasaku! Maranda yako ya mwaka jana mke wangu kayafuma mkeka!"

Asubuhi hiyo Towa alitafuna figili, akafumba macho. "Haya sasa! Leo umeweza, binti yangu."

Fusae hakupata hata nafasi ya kufurahi. Sauti ilitoka shimoni: "Bi Mdogo katoroka!"

"Kaenda na nani?" aliuliza Towa, mdomo umejaa.

"Sitanii, mke wangu! Nilimlaza hapa, kwenye winda langu!"

Fusae aliweka chini bakuli la figili. Nyuma yake Nao alijipinda ndani ya nepi. "Baba," alisema Fusae polepole, "winda analo Nao. Na Bi Mdogo... yuko kwenye pipa."

Walifunua. Maji ya chumvi yalikuwa yamepanda juu ya kifuniko, na kinoo kimezama nusu kama kiboko. Mzee Yasaku alikitoa kwa mikono miwili. Akakitazama ubavuni, hakuna ufa. Akakiramba.

"Chumvi imekolea vizuri," alisema, akataka kulia.

Alikisuuza, maana chumvi ingetia kutu kisu cha randa, akakifuta. Lakini bado kilikuwa kimekunywa maji, na kati yao na hekalu palikuwa na theluji tupu. Hewa ile ingekipasua kabla hawajafika. Kukikausha jikoni ndiko kukiua kabisa.

"Mweke na mjukuu," alisema Towa.

Ndivyo Fusae alivyotoka amevaa koti kubwa la kubebea mtoto, mgongoni Nao, na kati ya mgongo na Nao, Bi Mdogo. Mzee Yasaku alimfuata nyuma, mikono amekinga, kama anayesubiri yai lianguke.

"Loo, Fusae!" jirani alimwita. "Mtoto kawa mzito, unatembea kama bata!"

"Ananyonya sana," alijibu, jasho likimtoka kwenye theluji. Kila hatua alitega sikio asije akasikia kah! ya jiwe kupasuka.

Ukumbini alikitoa. Kizima. Mzee Yasaku aliomba maji ya kunyunyiza. Ndoo ilikuwa imeganda. Akaugusa uso wa kinoo, akakuta umelowa kidogo, tena una joto.

"Baba," alinong'ona Fusae, uso ukimwaka, "hayo si maji."

Mzee alimtazama Nao. Nao alicheka, fizi tupu.

"Kiasi chake hasa," alisema mzee, akaanza kunoa kisu.

Randa la Heita lilikatika katikati. La Yasaku lilitoka zima, jembamba hata Heita alionekana kupitia humo amenuna. Heita akalinusa.

"Mbona linanukia figili?"

"Ni siri ya kiwanda," alisema Mzee Yasaku.

Theluji ilipoyeyuka alikwenda mtoni na mgongo wake mbovu, akarudi na jiwe bapa, zito. Akalipaka vanishi nyeusi ubavuni, akamkabidhi Fusae. "Hili la kwako, mwanangu. Nisije nikakuta tena mke wangu pipani."

Bi Mdogo alihamia chumba cha Nao, ambacho hakiachwi kiganda, akiwa na winda jipya. Towa alionja figili za jiwe la mtoni, akatafuna muda mrefu.

"Si mbaya," alisema. "Ila mzee, bi mdogo wako anapika vizuri zaidi."