Mtamba Mmoja kwa Pacha Wawili

Siku Nyasuguta alipoajiriwa kulea pacha wa Hemed pale Migori mjini, mapema mwaka 1996, hakuna aliyemuuliza anataka shilingi ngapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaja bei, na bei hiyo ilikuwa na miguu minne.

"Mwaka moja, mtamba moja," alisema, amekaa juu ya ndoo ya plastiki katika duka la vyombo la Hemed. "Ndama ya kike, imekomaa, bado haijazaa. Kwetu mchungaji analipwa hivyo."

Alikuwa ameolewa Ntimaru, Ukuria. Huko mtu akimchungia mwenzake ng'ombe mwaka mzima bila kupoteza hata mmoja, hupewa mtamba, wakaagana kwa heri. Nyasuguta alikwisha piga hesabu yake: watoto ni watoto na ng'ombe ni ng'ombe, lakini kuchunga ni kuchunga. Pacha wale ndio kwanza walikuwa wanajifunza kutambaa, mmoja akielekea mlangoni na mwingine jikoni, na yeye aliona kazi ni ile ile, ila hawa hawana mkia wa kushikia.

Hemed alikuwa mtu wa Mombasa, aliyemjua ng'ombe zaidi akiwa ndani ya biriani. Alimtazama mkewe, Kaltum. Kaltum naye akamtazama. Mshahara usiotoka kwenye droo kila mwezi! Walikubali upesi hata wakasahau kuficha furaha yao.

Usimdhanie mjinga, lakini. Nyasuguta alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, shemeji yake Ryoba aliswaga ng'ombe wote saba hadi zizini kwake, akasema ni mali ya ukoo na mwanamke hana ng'ombe. Tangu siku ile Nyasuguta alitaka kitu kimoja tu: ng'ombe wake mwenyewe, ambaye hakuna shemeji atakayemgusa. Mama yake, Bhoke, alikuwa na zizi tupu kule Kegonga, na huko Ryoba hakuwa na sauti. Pesa hakuzitaka. Alijua pesa ndugu huzinusa hata ukizificha kwenye unga, ukae wiki mbili uanze kuuliza zilikwenda wapi. Mtamba atazaa.

Basi akachunga, na alichunga kwelikweli. Kila jioni aliwahesabu pacha kwa sauti, mmoja, wawili, kana kwamba wa tatu angeweza kuzuka. Akawa anawaita kwa mluzi, mpaka Kaltum akalalamika kwamba binti yake haitiki jina lake ila anaitika mluzi. Walipougua malaria kwa pamoja, aliwabeba hospitali mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akakataa kukaa hata watu walipompisha kwenye benchi.

Mwezi wa kumi na moja wa kazi yake ulikuwa unaishia pale ofisa wa leba aitwaye Stanley alipoingia dukani kukagua daftari la mishahara. Wahudumu wa duka walikuwa watano, wote wameandikwa vizuri. Kisha akamwona Nyasuguta huko nyuma, ana pacha mapajani.

"Na huyu mama?"

"Huyo ni yaya wangu wa nyumbani."

"Unamlipa ngapi?"

Hemed alikohoa. "Ng'ombe."

"Ng'ombe ngapi kwa mwezi?"

"Mmoja. Kwa mwaka."

Stanley akaweka kalamu chini. "Bwana Hemed, mshahara ni pesa ya Kenya, mwisho wa mwezi. Kuna kima cha chini. Yaya ako ndani, mstari moja na mfagiaji na askari wa mchana. Na hiyo akiba ya uzee, NSSF, ungekata wapi? Kwa mkia?"

Wahudumu watano walicheka. Hemed hakucheka. Aliandikiwa barua afike ofisi ya leba Homa Bay Jumanne pamoja na yaya, na malimbikizo ya miezi kumi na moja mkononi, taslimu.

Nyasuguta alipoelezwa, aliwaka. Bado mwezi mmoja tu, na serikali inakuja kumnyang'anya ng'ombe! Kwake yeye, Stanley na Ryoba walikuwa wamezaliwa tumbo moja. Huko Homa Bay hakungoja aulizwe.

"Wewe ofisa, nani alikutuma? Mimi na huyu mzee tulipatana."

"Mama, mkipatana chini ya kima cha sheria, hiyo si mapatano."

"Sasa ng'ombe iko chini ya sheria? Haya, kata na kodi pia, mmalize!"

"Kodi ya mapato haikufikii, mama. Hiyo mshahara ni kidogo."

"Kumbe mnajua ni kidogo!"

Stanley akajifanya anatafuta muhuri. Hemed akahesabu noti huku jasho linamtoka: elfu kumi na mbili na mia tisa. Nyasuguta aliweka dole gumba kwenye karatasi, akazipokea kwa uso wa mtu aliyefiwa.

Wakati wa kurudi, Hemed alisimamisha pikapu Rodi Kopany, kwenye mnada wa mifugo. Labda ni haya, labda ni kuogopa ule uso uliokaa kando yake. Nyasuguta akashuka. Alimkagua mtamba mmoja meno, akampapasa mgongo, akamdharau mwuzaji mpaka elfu saba ikawa elfu sita, akalipa. Mtamba mwekundu, safi.

Kisha akatazama mkono wake. Noti bado zilikuwepo, zaidi ya nusu. Akazihesabu, akazirudia tena, halafu akamgeukia Hemed, ambaye ghafla alikuwa amependezwa sana na mbuzi wa watu.

"Mzee Hemed. Ulijua?"

"Nilijua kidogo, Bi Nyasuguta."

"Kidogo ngapi?"

"Nusu."

Ilimwuma. Ilimwuma zaidi kwa kuwa bei aliitaja yeye, kwa mdomo wake, na watu wazima wawili wenye duka wakamwacha ajiuze rahisi. Hakumtukana. Alirudi kwa mwuzaji akachagua mtamba wa pili, mweusi, naye akashushwa bei kwa hasira ambazo hazikumstahili mwuzaji yule.

Karani wa vibali vya kusafirisha mifugo alikuwa na meza chini ya mwavuli. "Mwenye ng'ombe ni huyu mzee?" akauliza, akimwonyesha Hemed kwa kalamu.

"Mimi? Mimi sina hata kuku."

"Basi mama, sema jina ya mzee yako."

"Alikufa."

"Ya shemeji, basi. Lazima ziko na mwenyewe."

"Andika Nyasuguta," alisema. "Ng'ombe mbili. Zinaenda Kegonga."

Karani alimtazama, akatazama mitamba, akaandika, akagonga muhuri. Nyasuguta hakuichukua karatasi. Hakujua kusoma.

"Soma," akamwambia.

Karani akasoma: jina, ng'ombe wawili, Kegonga.

"Soma tena."