Salamu za Krismasi Nilizomwandikia Mwalimu wa Magwagwa

Admin, tafadhali ficha jina langu kabisa, huku Kisii tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Nyanchwa, nina vijana wawili na msichana mmoja. Nafanya kazi ya ofisi mjini. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi kule Magwagwa, analala huko siku za kazi na kurudi nyumbani wikendi. Sijawahi kumuuliza analala wapi wala na nani. Nilikuwa nasema mume wangu si wa hivyo. Nicheke tu jamani, maana machozi yameisha.

Watu wa kwao wametawanyika, wengine Nairobi, wengine Marekani, na kila Krismasi yeye huwatumia salamu kwa imeili. Si ule ujumbe mmoja wa kurushia watu wote, huo kwao ni matusi. Kila mtu anataka aitwe jina na aulizwe habari ya nyumba yake. Sasa wiki hii akanipigia simu, nasikia wateja wanapiga kelele nyuma yake. "Mama Ombati, mimi sina hata dakika. Ingia kwa imeili yangu uwasalimie watu wangu kwa jina langu. Wote wako kwa kundi la familia. Wewe ndiye unajua maneno." Akanipa neno la siri hapo hapo. Nilifurahi, mjinga mimi! Nikaona mume ananiamini.

Nikatumia saa ya lunch kuandika, chakula kikapoa. Kila mtu nilimtafutia neno lake: huyu nikamuuliza mguu uliovunjika, yule nikampongeza kwa nyumba mpya. Nikafika kwa jina moja ambalo silijui, limeandikwa tu "Mwalimu." Nikafikiri ni binamu fulani. Sikutaka aonekane amesahaulika, kwa hivyo nikamwandikia vizuri kuliko wote: "Mwalimu, asante kwa kuwa karibu na familia yetu mwaka huu. Mungu aibariki nyumba yako na wote walio ndani." Nikatuma.

Bado naandikia wengine, jibu likaingia. "Baba Bosibori, leo unanisalimia kama mgeni? Ama mama wa Nyanchwa amekaa hapo karibu? Bosibori anauliza kama utamletea ile nguo ya Krismasi. Mwambie mwenyewe, mimi amenichosha."

Nyasae one, Mungu wangu! Nilisoma hiyo kitu mpaka macho yakaniuma.

Wacha niwaeleze hilo jina, ndio mjue kwa nini limeniuma. Bosibori alikuwa mama mkwe wangu. Nilimuuguza mimi, nilimwosha mimi, na kabla hajatuacha alinishika mkono akasema nikipata msichana nimpe jina lake. Kwetu jina la marehemu halipotei, linarudi kwa mtoto. Mwaka uliofuata nikapata msichana. Dada ya mume wangu akaja na ndizi na uji, akambeba mtoto, halafu akaniambia, "Wifi, jina la mama tusiliharakishe. Huyu mpe jina la kwenu kwanza." Nikakubali. Nikaona ni heshima yao. Kumbe jina lilikuwa limeshachukuliwa! Kuna mtoto wa huyo Mwalimu kule Magwagwa ameitwa hivyo kabla wangu hajazaliwa.

Nikampigia huyo wifi. Sikumpigia mume, nilimpigia yeye, maana ndiye hula kwangu kila akija mjini. Nikamuuliza, "Bosibori ni nani?" Akasema, "Nilidhani siku hizi unajua." Nikamwambia, wewe ulibeba mtoto wangu ukanidanganya machoni! Akajibu bila hata aibu, "Sasa ungetaka nifanye nini? Yule ni damu yetu. Usituharibie Krismasi, wageni wameshakata tiketi." Yaani wote wanajua. Yule mwanamke yuko kwa kundi la familia, na mimi mwenyewe siko humo.

Jioni mume akapiga simu, sauti tamu. "Umewasalimia wote?" Nikamjibu, "Nimewasalimia wote, hata yule sikuwa namjua." Hakusikia, mteja alikuwa anamwita. Akasema, "Asante mama, Mungu akubariki," akakata.

Keshokutwa ukoo wote unakuja kula kwangu Nyanchwa. Kuku nimeshanunua. Msichana wangu anazunguka nyumba akijaribu nguo yake mpya. Nikimwangalia namwona huyo mwingine, ambaye hajanikosea chochote, na ambaye bado anangoja baba yake amjibu. Mume hajafungua imeili, duka limemshika. Mwenye neno la siri ni mimi.

Nyinyi mnaosoma hapa, msinitukane, nisaidieni. Hao watu wa kwao niwapikie ama niwafungie geti? Na yule mtoto mwenye jina la mama mkwe wangu, nimwambie nguo inakuja ama haiji?