Blogu Tuliyobandika Getini

Nianze na kosa langu, kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema lilikuwa kosa la wakati. Wakati gani? Wakati hauna kidole cha kubofya. Kidole kilikuwa changu.

Mwaka ule wa 2007 nilikuwa karani katika kituo cha sanaa pale mtaa wa Kianda. Tulikuwa na idara nne: maigizo, ngoma, uchoraji na mavazi. Mkurugenzi wetu alirudi kutoka semina fulani na neno moja mdomoni: blogu. Kila idara iandike yenyewe, kila Ijumaa, ilichofanya wiki hiyo. Kazi ya kuwashawishi nikapewa mimi. Woi, niliteseka!

Watu wa maigizo waliniambia wao ni waigizaji, si makarani. Wachoraji waliniletea picha bila neno hata moja. Ngoma waliandika ukurasa mzima, nami kwa ujuaji wangu nikaunyoosha, nikatoa Sheng yote, nikatia Kiswahili cha mtihani. Kiongozi wao, jamaa mrefu mwenye hasira za karibu, akaingia ofisini na karatasi mkononi.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yenu."

"Yetu wapi? Sisi hatuongei hivi. Andika ya kwako basi, utuache."

Tuligombana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, nitarekebisha herufi tu. Neno la mtu siligusi na silikati. La pili lilikuwa lake: kila blogu itolewe kwenye karatasi na kubandikwa getini kwa gundi ya unga, kwa sababu mama yake hana kompyuta na anataka kujua mtoto wake amesema nini. Tangu siku hiyo idara zikaanza kushindana. Ijumaa jioni ungekuta watu wamesimama pale getini wanasoma, wengine wakisomea wenzao kwa sauti. Nilijivuna sana, sitadanganya.

Idara moja tu ilinishinda. Mavazi ilikuwa mama mmoja na cherehani yake ya kukanyaga, ndani ya stoo iliyojaa makoti ya wafalme, kanzu za mapadri na gauni za harusi za michezo yetu yote. Alikuwa na tabia ya kunipima kiuno kwa macho nikipita, kisha kutangaza matokeo.

"Anti, andika hata mistari mitatu."

"Wewe msichana, kazi yangu ni cherehani. Andikeni nyinyi mliosoma. Na hiyo sketi inayokubana nitaifungua tena lini?"

Nilimpenda sana yule mama.

Kisha kura zikapigwa, matokeo yakasomwa, na mitaa ikawaka. Mimi nilikuwa nakaa Kawangware, na huko nako tuliona ya kuona. Ploti ya pili kutoka kwetu iliteketea na vyumba vyake vyote tukiitazama. Kufika Kianda haikuwezekana. Anti yeye alikuwa amepanga chumba Sarang'ombe, jirani na kituo, miaka mingi, lakini jina lake la pili lilitosha kumwambia yeyote kabila lake, na kabila lake halikutakiwa tena pale. Majirani zake, wale wale aliowashonea watoto wao sare, walimpa hadi asubuhi awe ameondoka. Barabara za kutoka zilikuwa na vizuizi. Mlinzi wa kituo akamfungulia stoo.

Siku chache baadaye saiba moja karibu na kwetu, duka la intaneti, ikafungua mlango nusu. Nikakuta barua pepe ya mkurugenzi, ambaye alikuwa salama mbali. Redio zimezuiwa kutangaza moja kwa moja, aliandika, kwa hivyo sasa ndipo idara ziandike. Nikawapigia simu mmoja mmoja. Maigizo hawakushika. Wachoraji walikuwa wamekimbilia ushago, vijijini kwao. Nikampigia anti, zaidi ya yote nijue kama yuko hai.

Alishika, akaongea kwa sauti ya chini kabisa. "Leo nitasema," akaniambia. "Andika."

Niliandika nyuma ya kalenda, neno kwa neno:

"Mimi ni fundi wa idara ya mavazi. Hii ni siku ya sita nalala kwa stoo. Nimejifunika koti la mfalme, halina joto, bitana niliyoweka ilikuwa hafifu. Mchana nashona vifungo ndio siku iishe. Mlinzi ananipitishia chai kwa dirisha. Mlango wa nyuma haushiki, komeo lilikufa kitambo, kwa hivyo nimeuzuia na cherehani na mimi nakaa nyuma yake. Nikisikia miguu, naacha kukanyaga."

Kisha akauliza, "Hiyo ya mlango, unaona ni sawa?"

"Anti, hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Wacha ikae."

Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa na machozi, na ndani ya machozi hayo nilikuwa nafurahi, kwa sababu idara ya nne hatimaye ilikuwa imeandika. Nani angesoma? Nilifikiria watu wa ng'ambo, wafadhili, wageni wanaotutumia pole. Nikaiweka kwenye blogu kama ilivyo, nikabofya. Ilikuwa Ijumaa. Geti halikunijia akilini hata kidogo.

Lilimjia kiongozi wa ngoma. Yeye alikuwa upande wa Ayany, si mbali na kituo, na huko pia saiba ilikuwa imefungua asubuhi hiyo. Alisoma, akalia, akaitoa kwenye karatasi. Unga ulikuwa haujulikani utapatikana wapi tena, lakini alichota kijiko kizima akapika gundi. Akapita njia za nyuma hadi kituoni, akabandika pale pale tulipozoea. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyemkataza. Aliniambia baadaye, "Nilidhani wakisoma vile anaumia, watamwonea huruma."

Walikuja Jumamosi mchana. Mlinzi alisema hawakugusa mlango wa mbele wala kuuliza swali. Walizunguka moja kwa moja hadi nyuma, wakasukuma wote pamoja. Cherehani ikaanguka, mkono wa kulia wa anti ukiwa chini yake, na mmoja wao akapanda juu ya cherehani ili apite. Nguo zote zilitolewa uani zikachomwa. Mlinzi alipigwa hadi akapoteza jicho. Wawili kati yao aliwatambua. Walikuwa wakija kutazama mazoezi yetu bure, na Ijumaa walikuwa wa kwanza getini.

Nilimpata anti wiki kadhaa baadaye, kwenye uwanja walikokusanywa waliofukuzwa. Alikuwa ameketi nje ya hema, mkono umefungwa bandeji hadi kiwiko. Vidole vitatu havikuwepo. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Kabla sijayasema akaniambia niketi.

Akanitazama kiuno. "Umekonda," akasema.

Hapo nikalia kama mtoto, naye akaniacha nilie. Nilipotulia akauliza kama nimeileta ile karatasi. Alikuwa ameambiwa kwamba kiongozi wa ngoma aliibandua getini akanipa. Anti mwenyewe hakuwahi kuiona.

"Nisomee," akasema. "Ni kitu pekee nimewahi kuandika."

Nikaitoa kwenye mkoba. Nyuma ilikuwa bado na magamba ya gundi. Nikasoma fundi wa idara ya mavazi, siku ya sita, koti la mfalme. Nikasoma bitana na vifungo na chai ya dirishani. Nikafika kwenye mlango. Macho yangu yaliuona mstari wote, mdomo ukakataa. Nikaenda mwisho, nikasoma, "Nikisikia miguu, naacha kukanyaga," nikakunja karatasi.

Anti alikuwa amefumba macho. Hakuyafumbua.

"Umeruka mahali," akasema.

"Nimeruka, anti."

"Sasa ndio unaruka."