Mafiga Mbele ya Gereza

Juzi, kwetu Masisi, niliona mafiga matatu meusi mbele ya gereza, nikasikia tena harufu ya maharagi ya Mama.

Nilipokuwa mtoto mdogo, kaka yangu alikuwa amefungwa humo kwa kuiba mbuzi. Mama aliwasha moto chini ya dirisha la komanda wa gereza, akabandika maharagi, moshi ukajaa ofisini.

“Mama, unafanya nini hapa?” komanda alifoka.

“Aliiba, sikatai. Lakini iko mutoto! Kama hamumupunguzie azabu, sisi wote tutaikala hapa.”

Nilidhani kweli tumehama. Nikamuuliza komanda kwa heshima, “Papa, tutalala chumba gani?”

Alikohoa, akaitisha ufunguo, kaka akatolewa.

Leo najua Mama alikuwa anaomba huruma. Lakini hakusema asante. Alimketisha kaka palepale penye moto, wakangoja maharagi yaive.