Kirungu cha Kushoto

Bado nina hasira, na asiniambie mtu niache. Mimi ndiye ninayesuka vikalio vya viti kwa gome la mti katika karakana ya akina Slone, hapa milimani Kentucky. Haya sikusimuliwa, niliyaona.

Oletha aliolewa na mdogo wa Hobart Slone, mwenye karakana. Mume alipofariki, yeye akashika benchi lake, akaranda na kutoboa miaka nenda miaka rudi. Viti vinavyotoka pale ni vyake, lakini chini ya kila kimoja limechomwa jina moja kwa chuma cha moto: Hobart Slone. Hobart mwenyewe siku hizi anashika kikombe cha kahawa zaidi ya patasi.

Sisi hatutumii msumari wala gundi. Miguu ya kiti huwa ya mti mbichi, na vijiti vinavyoiunganisha huwa vikavu kabisa. Mguu ukianza kukauka, hujikaza ukakibana kijiti, na hapo hata ukivute kwa ng'ombe hakitoki. Kwa hiyo ukikosea ukachelewa kuona, umekosea moja kwa moja. Oletha alikuwa akitengeneza kiti kidogo cha kubembea cha Mzee Elbert Combs, akachukua miguu ya mbele ya kiti kikubwa. Alipogundua, kiti kilikuwa kimeshajibana. Miguu ilichomoza juu sana, kupita mahali pa kulaza mikono ya kiti.

Hobart akakizunguka na kikombe chake. "Hiki nini sasa, shemeji? Umeniletea mbuzi? Kina pembe."

"Nitazikata," Oletha akasema.

"Kata, au kitie jikoni kiivishe maharagwe. Jina langu halikai chini ya takataka."

Naomba mlikumbuke neno hilo.

Asubuhi hiyo hiyo Mzee Elbert akaja na fimbo yake kuangalia kiti chake. Magoti yake aliyaacha kwenye machimbo ya makaa ya mawe, alikotambaa ujana wake wote. Kuinuka kwenye kiti ni lazima amwite binti yake, na hilo linamuuma kuliko magoti yenyewe. Akakaa. Alipotaka kuondoka, akashika zile pembe mbili, akajisukuma, akasimama. Peke yake.

"Oletha, mwanangu," akasema, "huo msumeno uweke chini."

Babu zetu walilaza mikono ya kiti juu ya ncha za miguu. Oletha akaitoboa mikono tundu likatokea upande wa pili, akaichonga miguu iwe myembamba kuanzia juu mpaka kimo kinachofaa, akaiteremsha mikono ikakaa hapo. Ncha zilizobaki juu akazifanya virungu vya kushikia. Akamkalisha mzee, shika, achia, shika tena, huku akipunguza kidogo kidogo kwa kisu. Mkono wa kushoto wa Mzee Elbert hauna vidole viwili, vililiwa na machimbo. Basi kirungu cha kushoto akakiacha kinene, kijaze kiganja.

Magoti mabovu huku kwetu yako kila nyumba. Watu wakaanza kuvitaka viti vyenye virungu, na Hobart akasahau habari za mbuzi. Tena akaingia benchini, jambo ambalo sikuwa nimeliona siku nyingi, akakiweka kiti cha Oletha, kile cha Mzee Elbert, mbele yake, akakiiga kila kitu. Hicho alichoiga alikipeleka wapi hatukuambiwa.

Tulikikuta kwenye maonyesho ya wilaya, kimevishwa utepe wa buluu wa ushindi, na kadi juu yake: Ubunifu wa Hobart Slone. Mwenyewe amesimama kando, kofia nyuma ya kichwa, anawaeleza watu jinsi alivyokaa karibu na moto kipupwe chote akiwaza mateso ya wazee. Nilikuwa na sahani ya maharagwe na mkate wa mahindi mkononi, na nilikaribia kumtupia. Takataka ile ile, leo imekuwa mawazo yake.

Oletha hakupiga kelele. Akasogea mbele ya mama mmoja, mwamuzi aliyetoa utepe.

"Shemeji, hebu waambie. Kwa nini kirungu cha kushoto ni kinene kuliko cha kulia?"

Hobart akavitazama virungu. Niliona wazi kwamba ndiyo kwanza anaona.

"Ni... mkono wa kushoto una nguvu ndogo," akasema. "Unahitaji kitu kinene. Kila fundi anajua."

"Mimi sikujua," akasema Mzee Elbert nyuma yetu.

Akaja polepole na fimbo yake, akageuka, akakaa kwenye kile kiti. Akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya kirungu, vidole vitatu, na pale penye pengo pakajaa mti. Akajisukuma akasimama mbele ya Hobart, uso kwa uso.

"Huu mkono umeuazima lini, Hobart?"

Hobart akavuta kofia mbele, akasema kahawa yake inapoa, na kahawa hakuwa nayo.

Yule mama akaitoa ile kadi, akaichana, akachukua nyingine tupu. Akamuuliza Oletha jina lake linaandikwaje.

Miaka yote ile karakanani, hakuna aliyewahi kumuuliza.