Jiwe Lenye Pua ya Bibi

Bibi yangu Polixeni ana dini mbili. Jumapili ni ya Padri Anestis. Siku zilizobaki ni za shabu.

Ninaposema shabu nina maana ya lile jiwe jeupe la kinyozi, linalofanana na kipande cha barafu kilichoangukia vumbini. Mjomba Thrasos, ndiye kinyozi wetu hapa kijijini, humpaka mtu shabu akishamkata, na hajapata kumwacha mtu bila kumkata. Kwa Bibi hiyo ni kazi ndogo. Maji ya kisima yakichafuka, yeye hulizungusha jiwe ndani ya ndoo hadi tope likae chini lenyewe. Sufu ukiitia rangi nyekundu bila shabu, anasema, mvua ya kwanza tu utarudi nyumbani kama mtu aliyechinjwa. Marehemu Babu alikuwa akipakwa kwapani na nyayoni kila mara kabla ya kwenda kanisani, kwa kuwahurumia waumini wenzake.

Mama yake Bibi ndiye aliyelileta. Watu wetu walipofukuzwa na Waturuki kule Asia Ndogo, kila mwanamke alibeba picha ya mtakatifu wake. Yeye alibeba bonge la shabu kwenye aproni, wakamcheka njia nzima. Walipofika huku wakanywa maji ya bwawa, matumbo yakawaendesha, watakatifu wakawatazama tu ukutani. Ndipo wote wakaja na ndoo zao. Mwalimu wetu, kabla sijaacha shule kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku, alituambia kwamba zamani mapapa wa Roma walikuwa na machimbo yao wenyewe ya shabu, na Mkristo aliyenunua ya Waturuki walimtishia kumtenga na kanisa. Bibi nilipomsimulia hakushangaa hata kidogo. "Basi Papa naye ana wivu kama mwenye duka," akasema.

Lakini kinachomfanya asalimiwe na kila mtu barabarani ni jicho, lile la husuda linalomdhuru mtu kwa kutazamwa tu. Mtoto akilia bila sababu, ng'ombe akikauka maziwa, bibi harusi akipiga miayo, wanamwita. Yeye hutia kipande cha shabu juu ya kaa la moto. Shabu hutokota, huvimba, huota pembe na mashavu, na ikipoa huwa na sura ya mtu. Huyo ndiye aliyetia jicho. Anatafutwa, anamtemea mgonjwa mate mara tatu, mambo yanakwisha. Padri Anestis huikemea kazi hiyo madhabahuni, kisha nyumbu wake akichechemea huja kwetu kwa mlango wa nyuma.

Bibi ana sharti moja: hamtaji mtu. "Mimi nachoma, kutazama mtazame wenyewe." Basi kila mmoja humwona adui yake. Mjomba Thrasos, augue mtoto ama mbuzi, siku zote huona kinyozi wa kijiji cha pili.

Jumamosi ile, kesho yake dada yangu Garifalia alikuwa aolewe. Mama yetu alishafariki, aliyetulea ni Bibi, na harusi ile Bibi alikuwa ameipigania kuliko Garifalia mwenyewe. Bwana harusi, Argiris, alikuja kula chakula cha mchana pamoja na mama yake, Bi Smaragda, mwanamke mwenye kidevu cha kuvunjia lozi. Bi Smaragda hakugusa achari ya matango, alisema meno yake hayawezi. Argiris, kwa kutaka kupendwa, alimaliza sahani nzima ya matango ya Bibi huku akitutazama kwa macho yaliyojaa machozi. Tulidhani ni mapenzi.

Kahawa ilipoletwa, mdomo wake ulikuwa umejikunja kama kifuko kilichovutwa kamba. Jasho linamtoka. Akajaribu kusema, ikatoka sauti ya bata.

"Mwanangu!" Bi Smaragda akaruka. "Wamemfunga ulimi! Mwanangu ametiwa jicho ndani ya nyumba hii!"

"Tulia, mama," Mjomba Thrasos akamwambia. "Kwani mdomo wa nini? Kanisani bwana harusi hasemi neno, anasimama tu kama mshumaa. Akishaoa ndiyo kabisa hatauhitaji."

"Nyamaza wewe, mchinja mashavu! Trekta yangu iko hapo nje. Nitajieni aliyemfanyia hivi, amtemee mate sasa hivi, au nampakia mwanangu na harusi hakuna!"

Garifalia akakaa chini na gauni lake jipya mapajani, akaanza kulifumua pindo bila kujua anachofanya. Bibi alimtazama, kisha akaagiza kaa la moto.

Shabu ikatokota. Ikavimba kuliko siku zote. Ikaota kilemba kama cha mjane, ikaota kidevu kirefu, na katikati ikachomoza pua, pua ndefu iliyopinda kushoto. Mjomba Thrasos aliinama kumtafuta kinyozi wake, akakohoa, akarudi nyuma. Tuliitazama ile pua kwenye kaa, kisha tukaitazama ile ya Bibi, aliyekuwa ameinama juu yake.

"Mbona kama ni wewe, mkwe?" akasema Bi Smaragda polepole.

"Naleta maji," Bibi akasema, akaingia jikoni.

Nilimfuata. Hakuchukua maji. Alitia kidole kwenye mtungi wa achari, akakilamba. Uso wake wote ukakimbilia katikati.

Kwa achari ya matango Bibi hutia konzi ya chumvi na chembe ya shabu, ili matango yavunjike kwa mlio. Vyote ni vyeupe, vyote viko kwenye makopo ya aina moja, na miwani Bibi hataki kuvaa kwa sababu anasema inamzeesha. Safari hii alikuwa ametia konzi ya shabu na chembe ya chumvi.

"Umeona kitu?" akaniuliza, mdomo bado umebana.

"Sijaona, Bibi."

"Mjukuu mzuri." Akajimiminia maji, akasukutua, akatema. "Nikiwaambia ni achari, yule kidevu ataitangaza mpaka mjini. Polixeni hajui chumvi. Polixeni alimlisha mkwe shabu kama ng'ombe. Garifalia atabaki na jina hilo maisha yake yote."

"Na ukisema ni jicho? Hawatakuita tena, Bibi. Nani atamwita mwenye jicho amtoe jicho?"

Akasimama na jagi mkononi. Nilimwona akifikiri, alikuwa na miaka hamsini katika kazi ile. Kule ndani Bi Smaragda alikuwa ameshaanza kumvalisha mwanawe koti.

"Mchawi wanamwogopa," akasema hatimaye. "Mpishi mbovu wanamcheka. Shika mlango."

Aliingia kama askofu. "Ni mimi! Alipofika akicheka nilisema moyoni, meno gani haya, na sikutema mate ya kumkinga. Jicho langu ni kali, nimezaliwa nalo. Mwache hapo, Smaragda."

Bi Smaragda akapiga ishara ya msalaba na kusogea hadi ukutani. Bibi akamtemea Argiris mate mara tatu, na kwa kuwa alikuwa na hasira na matango yake alitema kwa moyo wote. Kisha akambana pua, akamnywesha jagi zima la maji, na jingine, akasema ndiyo dawa. Argiris akatoka mbio uani. Tulisikia kuku wakitawanyika.

Alirudi mweupe, lakini mdomo umefunguka.

"Mama," akasema, "yale matango..."

Bibi akamsokomeza kipande cha mkate. "Usiseme! Mwenye kutolewa jicho hataji chakula alichokula mpaka abatize mtoto wa kwanza. Ukitaja, linarudi!"

Sheria hiyo hakuna mtu aliyewahi kuisikia, lakini kwa Bi Smaragda ilitosha. Akambana mwanawe mdomo kwa mkono wake mwenyewe.

Wakaoana kesho yake. Argiris alitafuna kimya, akasimama kimya, akacheza kimya.

Tangu hapo hakuna anayemwita Bibi kuchoma shabu. Wanamwita bibi mwingine, wa upande wa kisima, ambaye kazi yake Bibi anasema ni moshi tu. Bibi yangu akipita barabarani wanawake hufunika watoto, na wa kijiji cha Bi Smaragda huingiza hadi kondoo ndani. Mwanzoni ilimuuma. Alikaa siku kadhaa hatoki.

Kisha mke wa Padri Anestis, maana mapadri wetu wa Kiorthodoksi huoa, akaja, kwa mlango wa mbele, akiwa ameyainamisha macho chini asije akatazamwa. Alikuwa na sherehe. Alitaka mitungi miwili ya achari ya matango.

"Iwe kama ile ya harusi?" Bibi akauliza.

"Sikuionja, Bi Polixeni. Nasikia bwana harusi alimaliza sahani nzima."

Bibi akaniita nimletee makopo yote mawili, la chumvi na la shabu, akatia kidole katika moja akalamba, akatia katika la pili akalamba, ndipo akafunga aproni.