Siku Nilipouangusha Mwanzi Kilimani

Taa, ti, taaa. Ndefu, fupi, kisha ndefu nyingine inayovutwa mpaka unadhani anayegonga amesahau kuondoa mkono. Miaka imepita, lakini sauti hiyo haijanitoka. Kijiko kikianguka vibaya kwenye sinia, naisikia. Chura wa kwanza wa masika akianza kujaribu koo lake, naisikia, na hapo nasimama hata kama nina ndoo kichwani.

Ilitoka kwenye kisanduku cha bati kisichozidi ukubwa wa mkate, juu ya kilima cha mawe kilichoko nyuma ya misheni, kule Ushirombo. Aliyeigonga alikuwa mzee mmoja aliyelala kitandani huko Ulaya. Aliyeisikia ni mimi, mtoto wa wakulima wa Didia, darasa la saba basi, niliyekuja Ushirombo kuosha vyombo na kufua mashuka ya wodi ya wazazi. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na nane, na maswali mengi kuliko mashuka.

Mzee huyo alikuwa baba wa Sista wetu, yule mkunga. Sista alikuwa amekaa huku miaka mingi, na kwao alikwenda mara moja tu. Mwaka ule mdogo wake wa kike alikuja kumtembelea wiki tatu. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mfupi, mwenye pua iliyobabuka kwa jua kama kiazi kilichochomwa. Mzigo wake ulikuwa mdogo, na nusu ya mzigo huo ilikuwa waya.

Jioni ya kwanza jikoni nilimuuliza Sista waya wote ule ni wa nini. Akanieleza, huku mdogo wake akitabasamu bila kuelewa. Wenzake wakipata likizo, alisema, huenda kulala ufukweni. Huyu hutafuta mlima. Kila nchi anayokwenda lazima apande mlima na redio yake, na akifika kileleni anatundika waya, anavaa vidude vya masikioni, anagonga: nani ananisikia? Akijibiwa anaandika kwenye daftari, anashuka, amefurahi.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu basi."

"Hauzi kitu?"

"Hauzi."

"Hachimbi?"

"Achimbe nini, jamani?"

Nilimpenda hapohapo. Mimi nami nilikuwa mtu wa kupanda mahali kwa sababu tu pako juu, na mama alishanichapa kwa hilo. Nikaendelea kuuliza. Sauti ikipita juu ya ziwa, inalowa? Ikifika usiku wa nchi nyingine, inaona njia? Sista alicheka mpaka akafuta macho kwa aproni, lakini alitafsiri kila swali, na mgeni alijibu kila moja kana kwamba limeulizwa na padre. Hailowi. Haihitaji kuona. Ila ikikutana na mabati ya paa au miti mirefu karibu, inajikwaa, ndiyo maana anataka kilima.

Kisha Sista akaniambia lililobaki. Baba yao alipatwa na kiharusi. Mdomo wake hautoi maneno tena. Kilichobaki ni mkono wa kulia. Kwa penseli anaweza kuandika mstari mmoja wa herufi zilizopinda, akachoka. Lakini kwenye kile kidude cha kugongea mkono wake bado unakimbia, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote posta, kutuma simu kwa alama za kugonga, na ndiye aliyewafundisha mabinti zake wote wawili. Kila siku saa kumi na moja jioni, kwa saa zetu, alikuwa akiwashiwa redio yake kando ya kitanda, amngoje binti yake aite kutoka Afrika.

"Tangu nirudi kutoka kwetu mara ile sijamsikia," alisema Sista. "Barua si kusikia."

Wiki mbili za kwanza zilipita tukingoja ruhusa ya redio. Jumatano ya wiki ya mwisho tukajaribu uani kwa masista. Mabati na mikaratusi vikatushinda. Alhamisi na Ijumaa zilikuwa za mvua na radi. Ikabaki Jumamosi tu, kwa sababu Jumapili alfajiri mgeni alikuwa anaondoka na gari la padre kwenda Shinyanga kupanda treni. Sista mwenyewe alitaka kupanda nasi, akavaa hata viatu, lakini mama mmoja aliletwa na baiskeli akiwa na uchungu tangu usiku. Akavua viatu, akarudi wodini. Aliniambia jambo moja tu: "Msikilize unavyoweza. Mkono wa mtu ni kama sauti yake, utamjua."

Sasa, maneno ya sokoni yalikuwa mengine. Mzungu mwenye vidude masikioni, anayekagua mawe ya kilima: kwa watu ambao kila ukoo una kijana anayechekecha mchanga Geita, jambo hilo lina maana moja tu. Asubuhi ile nilipokwenda kununua nyanya, mama mmoja muuza dagaa aliniita.

"Dada wa misheni! Kile kidude kinanusa dhahabu umbali gani?"

"Hakinusi dhahabu, mama. Ni cha kuongelea na baba yake."

"Ehee! Ndivyo wanavyosema wote walioipata. Mkiipata mnikumbuke, hata kipini cha pua."

Nilicheka, nikaenda zangu. Mgeni alikuwa na barua ya ruhusa kutoka Dar es Salaam, ina mhuri, ameikunja kwenye mfuko wa nailoni, nami niliona barua yenye mhuri inatosha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwenda kupiga hodi kwa mjumbe wa nyumba kumi wa upande wa kilima.

Nilibeba betri ya pikipiki ya padre kichwani, juu ya ngata, shingo imenyooka, maana mgeni alikuwa ameniambia kwa Kiswahili chake cha maneno arobaini: "Maji ndani. Maji mbaya. Polepole." Mkononi nilishika mwanzi mrefu wa kanisani, ule wa kufutia utando wa buibui darini. Tulifika juu saa kumi na nusu. Mawe yalikuwa bado ya moto. Upande mmoja waya ulifungwa kwenye kimti kilichoota kwenye ufa wa jiwe. Upande wa pili ulifungwa kwenye ncha ya mwanzi. Na kwa kuwa jiwe halichimbiki, aliyeusimamisha mwanzi ni mimi.

"Wewe shika," alisema. "Hapana acha."

"Siachi."

Akakaa chini ya miguu yangu, akavaa vidude vyake. Kimoja akakigeuza nje ili na mimi nisikie, na sauti yake ilikuwa kama ya mdudu aliyefungiwa kopo. Akagonga. Akangoja. Akagonga tena. Nilitazama kule waya ulikoelekea, kaskazini, nikawaza sauti ikivuka ziwa, ikivuka nchi nisizozijua majina, watu wanakula, wanalala, wanagombana, nayo inapita juu yao bila kumgusa mtu. Sikuwahi kushika kitu kirefu namna ile.

Ndipo mzee akajibu. Kwanza ti nyingi za haraka, kisha mwishoni: taa, ti, taaa. Mgeni akanishika mguu. Baadaye alinieleza maana yake, kwamba ni alama ya kusema nimemaliza, sasa sema wewe. Mimi wakati ule nilijua tu kwamba mtu aliyeko mbali amenikaribisha. Ile ndefu ya mwisho ilivutwa kama kamba ya kisima mikononi mwa mtu aliyechoka lakini anayetaka maji. Sista alisema kweli. Ilikuwa sauti ya mtu.

Mgeni akagonga jibu. Mzee akaanza tena, taratibu, anasimulia.

"Hodi huko juu!"

Alikuwa mjumbe. Alitokea nyuma ya jiwe akihema, fimbo mkononi, kofia imelowa jasho, mzee wa umri wa babu yangu. Na mimi nikafanya nililofundishwa tangu nijue kutembea. Kwetu msichana hamwamkii mzee akiwa amesimama. Unaweka chini ulichoshika, ziwe kuni, uwe mtungi, unapiga goti, unaunganisha viganja. Sikuwaza. Magoti yangu hayajawahi kuningoja niwaze.

"Mwadila, baba. Shikamoo."

Mwanzi ulianguka juu ya jiwe, waya ukaufuata. Taa, ti, kisha kimya. Mgeni alitoa sauti ambayo sitaisahau pia, si ya hasira, ni ya mtu anayeona chungu kikimponyoka.

"Marahaba," alisema mjumbe, akimtazama. "Huyu mbona haniamkii? Na hiyo dhahabu iko wapi?"

"Baba, hakuna dhahabu. Masikio yake yako kwa baba yake."

"Baba yake yuko wapi?"

"Ulaya. Amelala kitandani, mdomo hausemi. Anaongea kwa kugonga. Ni baba wa Sista."

"Sista yupi? Huyu anayezalisha?"

"Huyohuyo."

Mjumbe aliutazama mwanzi, akanitazama mimi bado niko magotini. "Gashi," alisema. Kumbe. "Kwa hiyo umemwangusha baba wa Sista ili uniamkie mimi?"

Machozi yalishafika.

"Inua basi! Inua, binti, unangoja nini? Mimi umeshaniamkia, imetosha mpaka kesho!"

Nikauinua. Waya ulikuwa umelegea katikati. Mjumbe akanung'unika, akasogea, akauegemeza waya juu ya fimbo yake, akainyoosha fimbo juu. "Mzee mzima," alisema, "leo nimekuwa mti wa kuanikia nguo." Lakini hakushusha mkono.

Haikusaidia. Kwenye kile kidude kilichogeuzwa nje ulibaki mvumo tu, kama mvua ya mbali juu ya shamba la mtama. Mgeni aliita na kuita. Kisindano cha kuonyesha nguvu ya betri kilikuwa kinashuka. Mwishoni akaacha kungoja jibu, akaanza kugonga mfululizo, akituma tu, kama mtu anayeongea mlangoni bila kujua ndani kuna mtu. Kisha akatugeukia.

"Ninyi. Neno. Fupi."

Mimi? Neno gani nimpe mzee wa watu niliyemkata kauli? Lilikuwepo moja tu.

"Shikamoo," nikasema.

"Yaya, hapana, ngoja," mjumbe akakataa. "Ana umri gani huyo baba?"

Mgeni akaonyesha kwa vidole: themanini na moja.

"Ah. Kanizidi. Basi hiyo shikamoo ni yetu wote wawili."

Mgeni akaigonga. Ti tatu, ti nne, na zinazofuata, polepole, herufi kwa herufi. Akamalizia kwa taa, ti, taa, karibu, sema wewe. Kisindano kikalala.

Tulishuka. Mjumbe alibeba mwanzi bila kuombwa, na njiani hakuuliza dhahabu tena. Sista alikuwa mlangoni mwa wodi, mikono imelowa, mtoto wa yule mama amezaliwa salama. Alimtazama mdogo wake, kisha akanitazama mimi.

"Amejibu?"

"Alijibu, Sista. Alianza kusimulia. Halafu mimi nikauangusha mwanzi."

Nilimweleza yote, na goti. Hakunigombeza. Aliniuliza tu alivyogonga. Nikaukaribia ubao wa mlango, nikagonga kwa kifundo cha kidole: taa, ti, taaa. Ile ya mwisho niliivuta kama alivyoivuta, nikikuna ubao kwa ukucha. Sista akakaa kizingitini, mikono bado imelowa.

"Ndiye," akasema. "Gonga tena."

Niligonga mara nyingi jioni ile. Alfajiri mgeni akaondoka.

Barua kutoka kwao ilifika tukiwa tumeshapanda mahindi. Sista alinifuata kambani nikianika mashuka. Mama yao ndiye aliyeiandika, lakini ndani kulikuwa na kipande cha karatasi chenye mistari mitatu ya penseli, bila shaka kwa kupumzika kila mstari, herufi zimepinda kama vijiti. Ule mwanzi ulipokuwa chini mzee hakusikia kitu, lakini uliporudi juu alisikia kila kitu. Sisi ndio tuliokuwa viziwi. Alikuwa ameandika yote: kwamba Sista ni mzima, kwamba yuko wodini anazalisha, kwamba mabinti zake wanampenda. Chini kabisa, peke yake, neno ambalo hakulijua, SHIKAMOO, limepigiwa mistari miwili, na pembeni yake alama ya kuuliza.

"Anauliza nani amesema hivi," alisema Sista, "na mtu akiambiwa hivi ajibu nini."

Nikamwambia, ingawa alijua. Akaniambia ataandika marahaba kwenye barua, atapeleka posta kesho. Kisha akanisomea mstari wa mama yao: kwamba jioni ile mzee aliendelea kugonga mpaka giza la kwao likaingia, akitungoja.

Alitungoja sisi, na sisi tulikuwa tumeshashuka, na mwanzi uko begani kwa mjumbe.

Siku ile nilipomaliza mashuka nilikwenda kanisani, nikauchukua mwanzi nyuma ya mlango, nikapanda. Sikumwambia mtu. Sikuwa na waya wala betri. Nilisimama palepale, nikauinua, kisha nikajishusha polepole: goti la kulia juu ya jiwe, mkono wa kushoto umeushika mwanzi wima. Kumbe inawezekana. Ni kuinua bega kidogo tu. Nikageuza uso kaskazini, nikasema shikamoo, nikabaki hivyohivyo bila mwanzi kutikisika, mpaka nilipoona muda wa mzee kujibu umetosha.